Gari Lisilo na Pedali

Mawe ya kabaidi yakimwagiwa maji hutoa harufu kali ya kitunguu saumu kilichooza, na harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha karibu kila asubuhi ya utoto wangu. Mafundi wetu wa kuchomelea vyuma hawakuwa na mitungi ya gesi ya dukani. Walitia kabaidi na maji ndani ya pipa zito, wakaikamata gesi iliyotoka humo, wakaipitisha kwenye mpira na kuiwasha nchani. Karakana ya baba ilikuwa hatua kumi kutoka jikoni kwetu, huko Sikuda, nje kidogo ya mji wa Busia upande wa Uganda, kwa hiyo uji wetu, mashuka yetu na hata sare yangu ya shule vilinuka kabaidi. Wageni waliziba pua. Wenzangu darasani waliniita binti wa kitunguu, nami niliwaambia wasinisogelee karibu kama hawataki kulia. Nilikuwa mtoto mwenye mdomo, na umri haujanibadilisha sana.

Chini ya mabati ya karakana ile baba yangu, Ofwono, alitengeneza baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazozungushwa kwa mikono. Mtu hukaa kwenye kiti cha chini, mbele ya kifua chake kuna mpini wenye mnyororo, akiuzungusha mbele baiskeli inakwenda, akiukaza kurudi nyuma inasimama. Nyuma ya kiti huwekwa sanduku refu la mizigo. Miaka ile mpaka wa Busia ulijaa baiskeli hizo. Walioziendesha ni watu ambao miguu yao ilikuwa imekataa kazi, wengi kwa sababu ya polio, na maofisa wa forodha walikuwa na desturi ya kuwapisha bila maswali mengi. Wakavuka kutwa nzima na sukari, unga na mafuta ya kupikia, na wafanyabiashara wenye miguu mizima wakawa wanawabembeleza wawabebee. Baba mwenyewe alipatwa na polio akiwa na miaka mitatu, kwao Merikit. Ndani ya karakana hakutumia baiskeli. Alitembea kwa mikono, amevaa ndala za matairi viganjani, na nawaambia kwamba mabega yake yalikuwa mapana kuliko mlango wa jiko letu.

Alikuwa na utaratibu mmoja wa kazi ambao sijauona kwa fundi mwingine. Baiskeli mpya ikikamilika, mtu yeyote mwenye miguu mizima aliyetaka kuijaribu alifungwa miguu kwanza kwa mpira wa tyubu, kuanzia magotini hadi vifundoni. Ndugu wa mteja, mpita njia, hata mwalimu wangu wa hesabu aliyefika siku moja kuuliza kwa nini sikufanya kazi ya nyumbani, wote walifungwa. Baba alisema miguu ni mashahidi wa uongo. Mtu akikaa kwenye kiti kibaya, miguu yake humsaidia kwa siri, hujikaza, husukuma sakafu, naye huinuka akasema kiti ni kizuri. Ukimfunga, atakwambia ukweli kabla hajafika barabarani. Mimi ndiye niliyefungwa mara nyingi kuliko wote, na hadi nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa naweza kuendesha baiskeli yoyote ya karakana ile nikiwa nimefungwa kama mzigo wa kuni.

Ni mwaka huo wa kumi na miwili ninaotaka kuusimulia. Malori yalikuwa yakikaa siku nyingi foleni mpakani, na madereva, kwa uchovu wa kungoja, walizurura mitaani wakitafuta chai na mtu wa kuzungumza naye. Mmoja wao aliacha kwenye benchi letu gazeti kuukuu la picha za magari. Baba hakulijali hadi mama alipochana kurasa zake kufungia dagaa wake, na ukurasa mmoja ukaja kuanguka karibu na fuawe. Ulikuwa na picha ya gari refu jembamba, lisilo na paa wala milango. Injini yake ilikuwa wazi mbele, dereva amekaa nyuma kabisa, nyuma ya matairi makubwa, na huko mbali mbele palikuwa na magurudumu mawili membamba yenye spoki. Baba aliyatazama magurudumu yale kwa muda mrefu. Kisha akaniita, akaweka kidole juu ya picha, akasema kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Akoth, hii magurudumu ni yangu."

Nikamsomea maelezo ya Kiingereza, nikimfasiria kadiri nilivyoweza. Magari ya namna ile yalikuwa ya zamani, watu waliyaunda wenyewe nyuma ya nyumba zao kwa vyuma vya magari yaliyokufa. Magari mawili yalisimama sambamba, bendera ikishuka yanaondoka, na anayefika kwanza mwisho wa mita kama mia nne ndiye mshindi. Baba akauliza kona ziko wapi. Nikamwambia hakuna kona, mbio zote ni mstari mmoja ulionyooka. Akaniambia nisome tena sehemu hiyo. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini aliipenda. Maisha yake yote aliambiwa azunguke. Kanisani alizunguka hadi mlango wa nyuma kwa sababu mbele palikuwa na ngazi. Ofisini alizunguka, sokoni alizunguka mtaro, kwenye harusi ya ndugu yake mwenyewe alizungushwa hadi jikoni kwa sababu ukumbi ulikuwa juu. Hapa palikuwa na mbio ambazo kazi yake yote ilikuwa kwenda mbele.

Vijana wenye magari kutoka pande zote mbili za mpaka walikuwa na mazoea ya kukutana mara moja kwa mwaka, mavuno ya ulezi yakikaribia, kwenye kiwanja cha ndege kisichotumika nje ya Tororo, wakashindana huko kwa mbio hizo hizo za mstari mmoja. Baba akatangaza kwamba mwaka huo atakwenda na gari lake. Watu wa Sikuda walicheka hadi wakakaa chini. Mzee mmoja wa kanisa alimkumbusha kwa upole kwamba ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Baba akamjibu kwamba zizi analijua, amekaa humo miaka thelathini na sita, sasa anataka kuona malisho. Mimi nilifurahi mno kwa jibu hilo, nikalirudia shuleni hadi mwalimu akaninyamazisha.

Kazi ikaanza na mvua za masika. Injini ilitoka kwenye pikapu kuukuu iliyofia Masinya ikiwa imebeba mihogo. Mwenye pikapu alikuwa amechoka kuitazama, akafurahi mama yake kutengenezewa baiskeli kama malipo. Difu, ekseli nzito inayozungusha magurudumu ya nyuma, ilitoka humo humo, ikakatwa na kufupishwa. Fremu ilikuwa mabomba ya maji. Tuliyajaza mchanga mkavu, tukaziba ncha, tukayapasha moto kwenye makaa hadi yakawa mekundu, ndipo baba akayakunja taratibu kwenye pengo la shina la mti, bila kuyaacha yabonyee. Hakupima kwa futi wala kwa sentimita. Alipima kwa dhiraa yake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na mimi niliandika vipimo katika daftari langu la hesabu: urefu wa gari dhiraa kumi na moja, kutoka kiti hadi usukani dhiraa moja na shubiri. Nilipomwambia kwamba mtu mwingine hataenea ndani ya gari hilo, alisema ndiyo maana. Mbele tulifunga magurudumu mawili ya baiskeli zake, ambayo niliyaongezea spoki kwa mkono wangu. Na kiungo cha nguzo ya nyuma, kile kilichobeba mgongo wa dereva, nilikichomelea mimi. Baba alikipiga nyundo mara tatu akitaka kivunjike. Hakikuvunjika, naye hakunisifu, alinipa tu kiungo kingine.

Gari lile halikuwa na pedali hata moja. Usukani ulikuwa mpini mpana, na juu ya mpini wenyewe zilikuwapo nyenzo mbili za chuma. Wenzo wa kushoto ulikuwa wa klachi, baba aliukandamiza kwa kiganja huku vidole vikiisogeza gia. Wa kulia ulikuwa wa mafuta na breki kwa pamoja: kuuvuta kifuani ni kuongeza mafuta, kuusukuma mbele ni kufunga breki. Alichagua hivyo kwa sababu waya wa mafuta ulipita vizuri zaidi upande ule. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu sisi wawili, kwa werevu wetu wote, hatukulifikiria.

Mama hakupenda lolote katika haya. Jina lake Nabwire, Msamia wa upande wa Kenya, muuza dagaa aliyejulikana sokoni kwa kutopunguza bei na kutopandisha sauti. Alipoolewa na baba, kaka zake walimuuliza ni nani atakayembeba mwenzake siku ya taabu. Aliwaacha na swali lao akavuka mpaka. Tangu siku hiyo aliishi akijua kwamba wanangoja jibu, na kila homa ya baba, kila baiskeli iliyopinduka, aliiona kama ushahidi unaopelekwa kwa kaka zake. Hilo sikulijua nikiwa mtoto. Mimi nilimwona mwanamke anayepita karakana bila kugeuza shingo, na nikamkasirikia kwa hasira zote za mtoto anayempenda baba yake waziwazi.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye barabara ya murram, changarawe nyekundu, inayopita mbele ya boma letu. Nusu ya kata ilikuja. Wandera, rafiki wa baba na mwendeshaji maarufu wa baiskeli za mizigo mpakani, alikuja na wenzake sita wa magurudumu matatu, wakajipanga kivulini kama waamuzi. Baba alijiinua kwa mikono akaingia kwenye kiti, tukamfunga mkanda, injini ikanguruma, kuku wa jirani wakatoweka. Akauvuta wenzo kidogo, gari likaenda vizuri, watu wakapiga vigelegele. Kisha mbuzi mmoja akavuka. Baba alitaka kusimama, na mikono yake ikafanya kile ilichofanya kila siku kwa miaka mingi: ikakaza kurudi nyuma. Ilivuta. Gari likaruka kama limechomwa mkuki. Kadiri lilivyokimbia ndivyo alivyozidi kuvuta ili lisimame, na kadiri alivyovuta ndivyo lilivyozidi kukimbia, hadi likaacha barabara, likafyeka ulezi wa bibi jirani yetu kutoka ukingo hadi ukingo, likazimika kwenye kichuguu.

Baba alitoka na jeraha refu juu ya nyusi na meno mawili yaliyolegea. Watu walikimbia kumtoa, na walipoona yu hai kicheko kikaanza, kwanza kidogo, halafu chote. Nami nitasema jambo ambalo sijawahi kuliandika. Nilimwonea baba yangu haya. Nilisimama pale barabarani na daftari langu la vipimo, nikatamani awe baba wa mtu mwingine, kisha nikakimbia nikajificha jikoni. Mama ndiye aliyekwenda shambani. Alimfuta damu kwa leso yake, akamsindikiza nyumbani, halafu akachukua tetea wetu anayetaga akampelekea bibi jirani kuomba radhi kwa ulezi wake, kama ilivyo desturi yetu. Aliporudi alisimama mlangoni mwa karakana, mahali ambapo hakuwa amesimama kwa miezi minne.

"Baba Akoth," alisema, "ukikikalia tena hicho chuma, usinitafute kati ya watu. Sitakuwepo kuona."

Akageuka akarudi jikoni. Baba alilala siku tatu akitazama mabati. Siku ya nne aliniita, nami nilikwenda nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu nilijua anajua nilikojificha. Hakulitaja. Alinyoosha mikono yake miwili hewani, akafumba macho, akaniambia nimpigie kelele za simama. Nikapiga kelele. Mikono ikavuta. Nikapiga tena, ikavuta tena. Akafumbua macho akaanza kucheka, jeraha lake likatoka damu upya. "Mkono yangu haikukosea," akasema. "Mkono inajua kazi yake. Mimi ndiyo nilitengeneza gari ya mtu mwingine." Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa wiki mbili tulibomoa na kupanga upya, tukageuza waya zote, hadi kusukuma mbele kukawa ni kwenda na kuvuta nyuma kukawa ni kusimama, sawasawa na baiskeli zake. Na mimi nilifungwa miguu kila alasiri, nikakaa kwenye kiti kile na mito miwili mgongoni, nikasukuma na kuvuta hadi mabega yakavimba. Nililipia haya yangu kwa njia hiyo, ingawa hakuna aliyenidai.

Asubuhi ya mashindano mama aliamka, akajitwisha beseni la dagaa, akaondoka kuelekea sokoni bila kuaga. Gari lilipakiwa kwenye lori la mchanga lililokuwa likirudi Tororo tupu. Wandera na wenzake sita walipandishwa na baiskeli zao, mimi nikakaa juu ya tairi la akiba. Barabara nzima waliimba. Mwamba wa Tororo ulipotokea mbele yetu, umesimama peke yake juu ya tambarare, baba alivua kofia. Kiwanjani palikuwa na magari yaliyopakwa rangi za kila namna, muziki, moshi wa nyama choma, na majani ya miti yaliyopauka kwa vumbi la kiwanda cha saruji. Gari letu liliposhushwa kelele zilipungua. Wenye magari walilizunguka, wakagusa magurudumu ya mbele, wakainama kutazama injini. Walilipenda, nawaambia ukweli. Mmoja wao alisema hajawahi kuona kazi ya kuchomelea kama ile ya nguzo ya nyuma, nami nikakaa kimya kwa shida kubwa.

Ndipo mwenyekiti wa mashindano akaja, mtu mzima mwenye kofia na filimbi, akauliza dereva ni nani. Baba, aliyekuwa chini na ndala zake mikononi, akasema ni yeye. Mwenyekiti akacheka kidogo, akaona kwamba si mzaha, akaacha. Alizungumza kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko dharau. Alisema gari ni zuri sana, wanalikaribisha kwa mikono miwili, na ili kazi ya mzee isipotee watampa dereva wao bora aliendeshe. Yeye atawekewa kiti cha mbele kabisa, kivulini, alitazame gari lake likishinda. Kijana mmoja mrefu mwenye glavu akasogea, akainama kumsalimu baba kwa adabu zote.

Nilidhani baba atatukana. Badala yake alikubali. Alisema tu kwamba kwenye karakana yake mtu mwenye miguu hajaribu kitu kabla ya kufungwa, na kwamba huo ndio utaratibu wake tangu aanze kazi. Kijana akacheka, akakubali, watu wakafurahia mchezo. Mimi ndiye niliyemfunga, kwa mpira wa tyubu, magotini hadi vifundoni, na sikumwonea huruma. Wakambeba wakamwingiza kwenye kiti. Kwanza hakuenea, kifua chake kilibanwa na mpini. Halafu akatafuta klachi. Mkono ulijua iko kushoto, tulimwonyesha, lakini kila alipotaka kuikandamiza magoti yake yaliruka ndani ya mpira kama vyura ndani ya gunia. Alizima injini mara tatu. Mara ya nne gari lilisogea dhiraa mbili, akavuta wenzo akitaka mafuta, likasimama ghafla akagonga pua kwenye mpini. Kiwanja kizima kikaangua kicheko, na safari hii sikukimbia popote. Kijana akatolewa, akafunguliwa, akasimama akijishika pua huku naye akicheka.

Mwenyekiti hakucheka. Alisema sasa basi, gari halifai, litaonyeshwa tu. Baba akamwambia gari linafaa, dereva wake ndiye hajawekwa. Mwenyekiti akasema, "Mzee, nisikize. Ukiumia hapa, watu watasema tulimwacha kiwete ajiue. Hilo jina sitaki." Na baba akajibu polepole, kila mtu akasikia: "Wewe unaogopa jina yako. Mimi nimebeba hiyo jina tangu mtoto, na bado nakula. Mimi naendesha mwenyewe. Kama hapana, basi leo hakuna mtu anakwenda." Mwenyekiti akapuliza filimbi na kuamuru mbio zianze bila sisi. Alipogeuka, Wandera na wenzake walikuwa tayari katikati ya kiwanja. Baiskeli saba za magurudumu matatu, zimepangwa ukingo hadi ukingo, breki zimefungwa, na wenyewe wamekunja mikono. Wamezoea foleni za mpakani, watu wale. Mmoja alifungua mkate akaanza kula. Hakuna aliyekuwa na uso wa kuwabeba mbele ya umati ule, na mwenyekiti alipiga filimbi hadi akachoka.

Aliyeumaliza ugomvi alikuwa yule kijana mwenye pua nyekundu. Aliwaambia wenzake kwamba ameliendesha gari lile na hawezi, na asiyeweza hana haki ya kumzuia anayeweza. Akasema atashindana na mzee yeye mwenyewe, kwa gari lake. Mwenyekiti akainua mikono. Wandera akawaondoa watu wake mmoja mmoja, bila haraka yoyote.

Nilimfunga baba mkanda. Aliniachia ndala zake za matairi. Bendera iliposhuka, alisukuma wenzo mbele kwa mabega yale aliyokuwa ametembelea maisha yake yote, na gari likainua pua kidogo, magurudumu yangu ya spoki yakaacha nyasi, yakarudi, likaenda. Lilikwenda moja kwa moja. Sikusikia watu, nilisikia gia ya pili, kisha ya tatu, na nikajikuta nasukuma hewa kwa mikono yangu miwili. Kijana alimpita karibu na mwisho, kwa urefu wa gari moja. Baba alishindwa. Nalisema wazi kwa sababu watu hupenda kunimalizia hadithi hii kwa ushindi na kombe, na mimi siwapi. Alishindwa, akavuta wenzo, gari likasimama pale pale mikono ilipotaka. Tulipomfikia alikuwa akilia na kucheka, akilaumu gia ya tatu.

Sasa karakana ni yangu. Injini ya gari lile iliishia kusaga mahindi, na fremu tuliikata ikawa baiskeli nne nzuri. Mpakani pamejengwa majengo makubwa yenye vioo, malori hayalali tena foleni kama zamani, na baiskeli za mizigo zimebaki chache. Maneno yamekuwa matamu zaidi. Siku hizi hakuna ofisa anayesema kiwete. Kuna semina, kuna soda, kuna fomu zenye kisanduku cha kutia alama, na ngazi nyingi bado ziko mahali pake. Mteja akifika kwangu akamkuta mwanamke ameshika mpira wa gesi huuliza fundi yuko wapi, nami humfunga miguu kabla ya kumjibu. Utotoni mwangu watu walimcheka baba yangu usoni. Leo wanamsifu, wanasema alikuwa mfano wa kuigwa, na wanaposema hivyo sauti zao zinashuka kama wanazungumza na mgonjwa. Nikipewa nichague kati ya kicheko kile na sauti hii, nachukua kicheko. Kicheko kilikuwa na mwisho.

Tulimzika mwaka jana, kwao Merikit. Watu walijaa, na baiskeli za magurudumu matatu zilisimama hadi barabarani. Mchungaji, kijana mwema ambaye hakuwahi kumjua, alihubiri kwamba mzee wetu ameacha mateso yake, kwamba leo hii, kwa mara ya kwanza, ndugu yetu Ofwono anakimbia. Watu wakasema amina. Nikaanza kuinuka, lakini mama alinishika mkono akainuka yeye, mwanamke asiyepandisha sauti.

"Mchungaji, unisamehe," akasema. "Huyu hakungoja mbinguni. Alikimbia Tororo, na miguu yake hiyo hiyo. Niliacha dagaa kwa jirani nikapanda baiskeli ya boda, nikasimama kwenye nyasi nyuma ya wauza maandazi. Nilimwona."

Nilimgeukia. Miaka yote ile, yeye na baba katika nyumba moja, na mimi kati yao na hasira zangu, hakuwahi kulitamka. Mchungaji akauliza kwa sauti ndogo kama mzee alishinda.

"Alishindwa," mama akasema. "Lakini aliendesha mwenyewe."